Windows 11 imeingia, prosesa haishuki chini ya asilimia 80: fundi anataka kufomati

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari wa Morogoro. Nimelifupisha:

"Wiki iliyopita nilihamisha kompyuta yangu kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Ni Core i5 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256. Tangu siku hiyo feni haitulii. Nikifungua Task Manager naona prosesa iko kati ya asilimia 80 na 100 hata kama sijafungua kitu chochote. Majina yanayopokezana pale juu ni Antimalware Service Executable, Windows Modules Installer Worker na WMI Provider Host. Faili la Excel la matokeo ya wanafunzi linaganda. Natumia bando la simu, na jioni nazima kompyuta nakwenda nayo nyumbani. Fundi anasema prosesa imechoka: nibadilishe, au afomati anirudishie Windows 10. Nifanye lipi?"

Mwalimu, usifanye lolote kati ya hayo mawili kwa sasa. Katika majina matatu uliyoyataja, mawili ya kwanza ni ya kazi zenye mwisho. Hazijaisha kwa sababu kompyuta yako inatumika mchana, inazimwa jioni, na intaneti yake hukatika bando linapokwisha, kwa hiyo haijapata nafasi ya kuzimaliza. La tatu, WMI Provider Host, ndilo linalonitia shaka. Hilo huwa linatumwa na programu nyingine, na lisipotafutiwa anayelituma halitulii hata ukiliachia mwezi mzima.

Kabla ya hayo yote, linda njia yako ya kurudi. Ukihamia Windows 11, mfumo hutunza Windows yako ya zamani kwenye folda iitwayo Windows.old kwa siku 10 tu, kisha huifuta. Umesema ni wiki iliyopita, kwa hiyo siku zilizobaki ni chache. Bofya Start, andika cmd, bofya kulia juu ya Command Prompt, chagua "Run as administrator", kisha andika mstari huu:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Sasa una siku 60, ambazo ndizo nyingi zaidi zinazoruhusiwa. Amri hii hufanya kazi tu kama muda wa awali haujapita, ndiyo maana nakuomba uifanye leo. Na kama kuna mtu atakusafishia diski wiki hii, mwambie asiguse kipengele kinachoitwa "Previous Windows installation(s)". Kinakula nafasi kubwa kwenye SSD ya GB 256, lakini kivumilie kwa muda.

Tuje kwenye hiyo asilimia. Watu wengi wakiona 100 hudhani prosesa iko hatarini. Asilimia ile inakueleza tu ni sehemu gani ya muda prosesa haikukaa bure. Haikuambii inafanya kazi ya nani, wala kama kazi hiyo ni halali. Kwa hiyo fungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda kwenye "Performance", bofya CPU, halafu soma vitu viwili ambavyo wengi huvipita.

Cha kwanza ni "Speed". Prosesa nyingi za kompyuta mpakato za kizazi chako, kama i5-8250U, zinaweza kupanda hadi 3.4 GHz. Ukiona asilimia 90 na kasi iko kwenye 2 na kitu au 3, basi prosesa ni nzima na kweli ina kazi nyingi. Ukiona asilimia 100 huku kasi imeng'ang'ania chini ya 1 GHz, tatizo ni jingine kabisa: prosesa imebanwa, na hata kazi ndogo inaijaza. Hapo chunguza joto, yaani vumbi kwenye feni na pasta ya kupitishia joto la prosesa iliyokauka, kisha chunguza chaja. Kompyuta za Dell, kwa mfano, zikishindwa kuitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi, na chaja zisizo za asili tunazonunua madukani mara nyingi hazitambuliki. Chomoa chaja, tazama kasi. Ichomeke tena, tazama. Dakika mbili zinakupa jibu.

Cha pili ni "Up time". Unasema unazima kila jioni, lakini sitashangaa ukikuta pale pameandikwa siku nne au tano. Windows ina utaratibu wa kuwaka haraka, Fast Startup, ambao kwenye kompyuta nyingi huwa umewashwa tangu mwanzo. Ukibofya "Shut down", kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kesho kinarudishwa kilivyokuwa, pamoja na matatizo yake. Kinachoanzisha mfumo upya kweli ni "Restart". Baada ya sasisho kubwa kama hili, Restart moja au mbili ni za lazima.

Halafu nenda kwenye "Details". Bofya kulia juu ya vichwa vya safu, chagua "Select columns", weka tiki kwenye "CPU time", kisha panga kwa safu hiyo. Kwangu hii ndiyo safu yenye thamani kuliko zote, kwa sababu asilimia hurukaruka kila sekunde, ilhali CPU time hujumlisha muda wote ambao programu imeitumia prosesa tangu ilipoanza. Iache kompyuta saa moja bila kuigusa, rudi usome. Ukiliona "System Idle Process" juu kabisa, usishtuke: hilo ni jina la prosesa ikiwa imepumzika, na likiwa na muda mwingi ni habari njema. Anayelifuata ndiye wa kumuuliza maswali.

Windows Modules Installer Worker, ambayo kwenye Details utaiona kama TiWorker.exe, ndiye anayefunga masasisho na kusafisha mabaki yake. Baada ya kuhama toleo ana mzigo mkubwa: masasisho ya mwezi, ya .NET (msingi wa Microsoft ambao programu nyingi huutegemea), ya draiva. Bando linapokatika katikati ya upakuaji, au unapozima akiwa kazini, kazi inabaki kiporo na kesho yake huendelea nayo saa hiyohiyo unapotaka kuingiza alama. Usimzime kwa "End task". Unachopata ni kazi iliyokatishwa tena.

Programu ya kuandaa orodha ya utafutaji nayo, SearchIndexer.exe, inalazimika kupitia mafaili yako upya, kama mtunza stoo mpya anavyohesabu mzigo wote kabla ya kusaini kuupokea. Ukiona pia mscorsvw.exe, hiyo inaandaa upya vipande vya .NET na huondoka yenyewe ikimaliza.

Kwa hiyo kompyuta ipe usiku mmoja. Nunua bando la kutosha, au tumia mtandao wa shule kama unaruhusiwa. Kwenye Settings, sehemu ya mtandao, hakikisha muunganisho haujawekwa kuwa "Metered", maana ukiwa hivyo Windows huahirisha upakuaji mwingi. Chomeka chaja, acha kifuniko wazi, na kwenye "Power & battery" weka isilale ikiwa kwenye umeme. Nenda "Windows Update", bofya "Check for updates", ikimaliza fanya Restart, angalia tena, rudia mpaka iseme haina kilichobaki. Kisha iache iwake hadi asubuhi. Windows ina matengenezo yake ya moja kwa moja, ambayo kwa kawaida hupangwa saa 8 usiku, na hufanyika kompyuta ikiwa imewaka na haina mtu. Kompyuta inayozimwa kila jioni huyafanya matengenezo hayo mchana, kila unapoiacha kidogo.

Ukiwa hapohapo kwenye "Windows Update", ingia "Advanced options", kisha "Delivery Optimization", uzime ruhusa ya kupakua kutoka kompyuta nyingine. Ikiwa imeachwa wazi kwa kompyuta za intaneti nzima, kompyuta yako inaweza kuwapelekea watu wengine vipande vya masasisho kwa bando lako.

Kama umeme ulikatika wakati wa kuhama, au TiWorker anarudia kazi ileile baada ya usiku huo, huenda stoo ya mafaili ya mfumo imeharibika. Fungua tena Command Prompt kama msimamizi, uandike amri hizi mbili, moja baada ya nyingine, ukiwa na intaneti:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Ya kwanza inaweza kusimama muda mrefu kwenye asilimia moja bila kusogea. Iache.

Antimalware Service Executable, yaani MsMpEng.exe, ni Microsoft Defender. Mfumo mzima umebadilishwa, mafaili ni mapya, kwa hiyo anayakagua. Ikiwa bado anakusumbua baada ya siku mbili tatu, fungua PowerShell kama msimamizi na umpunguzie kasi ya ukaguzi uliopangwa:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kwa kawaida kiwango hicho huwa 50. Si ukuta asioweza kuuvuka, ni wastani anaojitahidi kuufuata, ila utaona nafuu. Ninachokusihi ni usimzime kabisa. Flashi yako inaingia kompyuta ya ofisi ya taaluma, inakwenda stationery kuchapisha mitihani, inarudi kwako. Virusi vya flashi bado vipo na vinasafiri kwa njia hiyohiyo. Angalia pia kama kuna antivirusi nyingine iliyobaki kutoka Windows 10. Ulinzi wa aina mbili ukikagua faili moja kwa wakati mmoja, prosesa ndiyo inayolipa. Baki na mmoja.

Sasa WMI Provider Host, WmiPrvSE.exe. Hapa ndipo ningetumia muda wangu mwingi kama kompyuta ingekuwa mezani kwangu. WMI ni karani anayejibu maswali kuhusu kompyuta: betri ina kiasi gani, feni inazunguka kwa kasi gani, ni printa ipi imeunganishwa. Yeye haanzishi kitu. Akichemka, kuna programu inamuuliza bila kupumzika, na baada ya kuhama toleo mara nyingi ni programu iliyotengenezwa kwa Windows 10, inayouliza kitu ambacho hakipo tena, inapata kosa, inauliza tena.

Windows huandika nani kauliza. Bofya Start, andika Event Viewer. Upande wa kushoto fungua "Applications and Services Logs", kisha Microsoft, kisha Windows, shuka hadi WMI-Activity, bofya "Operational". Utaona mistari ya makosa, mingi ikiwa na namba 5858. Michache ni kawaida kwenye kompyuta yoyote, usiihangaikie. Tafuta kosa linalojirudia kila sekunde chache. Libofye na usome maelezo yake chini. Katikati ya maneno mengi kuna sehemu imeandikwa ClientProcessId, ikifuatiwa na namba. Tuseme ni 4312. Rudi Task Manager, "Details", panga kwa safu ya PID, yaani namba ya kila programu inayoendelea, tafuta 4312. Jina lililo mbele ya namba hiyo ndilo jibu la swali lako. Likiwa ni svchost.exe, bofya kulia, chagua "Go to service(s)", utaonyeshwa huduma iliyo ndani yake. Fanya hivyo hapohapo, kwa sababu programu ikijizima na kuwaka tena hupewa namba nyingine.

Wakosaji wa kawaida ni programu za msaada zinazowekwa na watengenezaji wa kompyuta, zile za kusimamia betri, feni na draiva, pamoja na programu za printa. Ukishampata, pakua toleo lake la Windows 11 kutoka tovuti ya mtengenezaji. Kama halipo, ing'oe programu hiyo. Kompyuta haitakosa kitu cha maana. Ila usiizime huduma ya WMI yenyewe, kwa sababu sehemu nyingi za Windows zinaitegemea.

Endapo namba hazikupeleki popote, andika msconfig kwenye Start, nenda "Services", kwanza weka tiki kwenye "Hide all Microsoft services", halafu zima nusu ya zilizobaki na ufanye Restart. Prosesa ikitulia, mkosaji yuko katika nusu uliyoizima. Isipotulia, yuko katika nusu nyingine. Gawa tena nusu kwa nusu. Inachosha, lakini mara nyingi humpata.

Kuna jambo inabidi niliulize bila kukutuhumu: Windows na Office zako ziliamilishwa na nani, kwa njia gani? Programu za kuvunja leseni zinazozunguka kwenye flashi za mafundi hubeba mizigo mingine, ikiwemo programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwa prosesa ya mtu asiyejua. Baadhi zina ujanja wa kusimama mara tu unapofungua Task Manager. Dalili yake ni feni inayonguruma, kisha inatulia ukifungua Task Manager, halafu inaanza tena ukiifunga. Kwako hali si hiyo, maana unayaona majina ukiwa umeifungua, lakini ukaguzi haugharimu kitu: Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", chagua ule wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijapanda, kwa takriban robo saa.

Yapo pia masasisho ambayo yenyewe ndiyo yenye kasoro. Sasisho KB4512941 la Windows 10, lililotoka tarehe 30 Agosti 2019, liliifanya SearchUI.exe, programu ya utafutaji, itumie prosesa kupita kiasi kwenye kompyuta ambazo wenyewe walikuwa wamezima utafutaji wa wavuti kwenye menyu ya Start. Waliofomati siku ile walijisumbua, kwa sababu tiba ilikuja na KB4515384 tarehe 10 Septemba. Na mwishoni mwa Oktoba 2025 sasisho la hiari la Windows 11 liliharibu Task Manager yenyewe: ukiifunga ilibaki ikiendelea kimyakimya, na kila ukiifungua tena inaongezeka nyingine, zote zinakula prosesa na RAM. Ndiyo maana nasisitiza umalize masasisho yote kwanza. Kama tatizo lilianza na sasisho moja la mwezi unalolifahamu, unaweza kuling'oa hilo peke yake kwenye "Update history", "Uninstall updates".

Kuhusu Excel, ningependa uchunguze faili lenyewe. Mafaili ya matokeo ninayoyajua yamejaa VLOOKUP zinazotafuta safu nzima kuanzia A hadi Z, RANK kwa kila mwanafunzi kwa kila somo, na mara nyingine OFFSET au INDIRECT, ambazo hukokotolewa upya kila unapobadilisha seli yoyote. Darasa la wanafunzi 200 na masomo 10 ni maelfu ya fomula zinazoamka kila unapoandika alama moja, na Excel huzigawia viini vyote vya prosesa. Nenda "Formulas", "Calculation Options", weka "Manual", ingiza alama zote, kisha bonyeza F9. Ikiwa kuganda kumeisha, basi Windows 11 ilibebeshwa lawama isiyo yake. Badala ya kutafuta safu nzima, taja eneo halisi, kama A2 hadi Z201.

Sasa ushauri wa fundi. Prosesa haichoki kwa sababu ya sasisho. Tena, katika kompyuta mpakato za kizazi cha 8, Intel imeuza prosesa zilizochomelewa kwenye ubao mama. Kubadilisha prosesa kwa hakika ni kubadilisha ubao mzima, na gharama yake inakaribia kompyuta nyingine iliyotumika. Kizazi cha 8 kiko kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft inazikubali kwa Windows 11, na ndicho cha kwanza cha Core kilichokubaliwa kwa ujumla. Haitakuwa na kasi ya mashine ya mwaka huu, ila kwa Word, Excel na kivinjari inatosha vizuri. Kama una hela ya kutumia, tazama "Memory" ukiwa umefungua kazi zako zote: ikikaa juu ya asilimia 85 muda mwingi, ongeza RAM ifike GB 16. Hapo utapata thamani ya pesa yako.

Kufomati kunaweza kuonekana kumetibu, kwa sababu kunaondoa kila kitu, mkosaji akiwemo. Fundi akimaliza ataweka tena kifurushi kilekile cha programu na draiva kutoka flashi yake, na WMI Provider Host atarudi na wewe utakuwa umepoteza mafaili. Windows 10 nayo iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa kujiandikisha, unaofika Oktoba 2026 kwa watumiaji wa kawaida. Kurudi huko ni kununua muda mfupi.

Fanya basi kwa mpangilio huu: amri ya siku 60 leo, Restart, usiku mmoja wa chaja na bando, kisha asubuhi soma CPU time na umsake anayemuuliza WMI. Ikipita wiki mbili na prosesa bado iko juu, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, nenda Settings, "System", "Recovery", ubofye "Go back". Utarudi Windows 10 ukiwa na mafaili yako, isipokuwa programu ulizoweka baada ya kuhama utaziweka upya. Na ukiniandikia tena, nitumie picha ya "Details" ikiwa imepangwa kwa CPU time, na ile namba ya ClientProcessId pamoja na jina ulilolikuta mbele yake.